Kauri ya Kabatini na Nasaba Yake

Ni nadra kuingia nyumba ya kale katika miji ya mwambao, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Kilwa, usikute kabati la vioo lenye seti ya vyombo vya kupakulia ambavyo hakuna aliye hai awezaye kusema kwa yakini vilitoka wapi. Bibi alivikuta, mama akavirithi, na kila kizazi kikaongeza riwaya yake: huyu husema vilishushwa na jahazi lililotoka Uchina, yule husema vilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa tajiri wa Kihindi, na wa tatu, ambaye aghalabu ni mjomba asiyependa kushindwa kwa maneno, huapa kwamba vilipata kupakuliwa chakula cha Sultani. Riwaya hizi hupendeza barazani. Lakini siku ya kugawa mirathi, au siku dalali abishapo hodi akiwa na noti mkononi, hazimsaidii mtu kujua kama alichonacho ni johari au ni bidhaa iliyouzwa kwa maelfu katika maduka ya kila bandari.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mwenye kabati la namna hiyo. Bei siwezi kumtajia, maana chombo hakithaminiwi kwa kusimuliwa, lakini naweza kumwonesha jinsi ya kukihoji. Na utaratibu ninaoupendekeza utaonekana kwa wengi kuwa wa kinyumenyume, kwa kuwa nanasihi kwamba mhuri ulioko chini ya sahani, ambao kila mtu huukimbilia kwanza, usomwe mwisho. Kadhi mwadilifu hamwamini shahidi kwa kuwa ana sauti kubwa kuliko wenziwe. Huwasikiliza kwanza waliokuwapo wakanyamaza. Uzito, mlio, kitako, mikwaruzo na dhahabu iliyofifia havikuwekwa na mtu aliyekusudia kumshawishi mnunuzi, ilhali mhuri uliwekwa na mtu aliyetaka kuuza.

Kwanza kabisa, msomaji, jizuie. Usioshe, usigundishe, usigawe. Najua mkono huwasha kutaka kusugua, kwa sababu vumbi la miaka mingi huonekana kama aibu ya nyumba. Lakini chini ya vyombo vingi vya zamani hubaki kipande cha karatasi cha duka, kimekauka na kugeuka manjano, na maji ya dakika moja hukifuta kabisa. Kipande hicho, hata kama kina bei tu na jina halisomeki, ni hati. Bei iliyoandikwa kwa rupia husema kwamba mauzo yalifanyika bara kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kushika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920, au Unguja, ambako rupia iliendelea kutumika hata mwaka 1936. Kipige picha, kiandike, kisha kiache palepale kilipo.

Baada ya hapo tandika jamvi sakafuni, na juu yake shuka nene iliyokunjwa mara mbili, karibu na mlango panapoingia mwanga wa mchana, utoe vyombo kimoja kimoja na kuvipanga kwa aina: sahani bapa pamoja, sahani za kina pamoja, madishi marefu ya wali na ya nyama upande wake, bakuli lenye kifuniko upande wake, na kile chombo cha mchuzi chenye mdomo kama wa birika. Mahali pake ni sakafuni, juu ya meza hapafai. Kikianguka kitu kutoka mkononi mwa mtu aliyekaa kitako huanguka shubiri moja. Sasa vitazame vyote kwa pamoja kabla ya kukishika hata kimoja. Taa ya umeme huvifanya vyombo vyote kuwa ndugu, mchana huvitenganisha. Utaona kwamba weupe haufanani: hizi zina weupe unaoelekea buluu, zile zina weupe wa maziwa, na hizo nyingine zina umanjano wa pembe. Mara nyingi kile kilichokuwa kikiitwa seti hudhihirika kuwa familia mbili au tatu zilizooana kabatini, kwa kuwa sahani zilipovunjika mwenye nyumba alitafuta zinazokaribiana nazo akajaza pengo. Hilo si kasoro ya kuona haya, ila mtu ni lazima alijue, kwa maana kila familia itakuwa na nasaba yake na haifai kuzisaili zote kwa swali moja.

Sasa tushike mwili wenyewe. Vyombo ambavyo kwa mazoea twaviita kauri ni vya namna tatu, na tofauti yake ni kubwa kwa thamani, kwa umri na hata kwa matumizi. Namna ya kwanza ni kauri halisi, ambayo hutengenezwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini pamoja na mawe ya kusagwa, ikachomwa katika joto la nyuzi 1300 na zaidi hata udongo ukashikana ukawa kama kioo. Wachina waliijua kazi hii karne nyingi kabla ya watu wengine, na mji wa Jingdezhen ukawa tanuri la dunia. Wazungu hawakuifumbua siri yake mpaka kati ya mwaka 1708 na 1710, pale Johann Friedrich Böttger na wenziwe walipoipata huko Saksonia, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa. Namna ya pili ni kauri ya mifupa, ambayo ilikamilishwa na Waingereza wa Stoke mwishoni mwa karne ya 18, hasa katika kiwanda cha Josiah Spode, na karibu nusu ya mwili wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. (Wako wasomaji ambao nyoyo zao zitashtuka hapa; hilo wamwulize sheikh wao, mimi nasema habari za udongo tu.) Namna ya tatu ni udongo mweupe wa kawaida, uliochomwa kwa joto dogo zaidi na kuvishwa utando wa kioo; huu ndio uliojaza maduka, na huu ndio uletao makosa mengi.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Chukua sahani, iinue mbele ya dirisha au mbele ya kurunzi, upitishe vidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole kikitembea ndani ya weupe, hiyo ni kauri. Kama mwanga wake una ujoto wa rangi ya asali hafifu, aghalabu ni ya mifupa, na kama ni wa baridi wenye kuelekea buluu au kijivu, aghalabu ni kauri halisi. Usipoona kitu, ni udongo mweupe, isipokuwa kama chombo ni kinene mno, maana hata kauri ya kweli ikinenepa huziba mwanga. Kisha kilaze chombo juu ya ncha za vidole vitano na ukigonge ukingoni kwa ukucha. Kauri huitika kwa mlio mwembamba unaokaa hewani; udongo hutoa sauti fupi; na kauri yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, hukohoa. Jaribio hili lifanye kwa kila kipande, maana hapo ndipo utakapojua vipi ni vizima na vipi vinajifanya vizima.

Geuza sahani, sasa, utazame kitako. Hapa ningependa msomaji akae kitambo, kwa sababu kitako hakikutengenezwa ili kitazamwe. Kauri nyingi huachwa bila ya utando wa kioo kwenye ile duara ikaliayo, kwa kuwa ndipo chombo kiliposimama ndani ya tanuri, na ukipitisha kidole utahisi ukavu wake kama wa karatasi laini ya msasa. Vyombo vingi vya udongo mweupe, kwa upande mwingine, vilivishwa kioo mwili mzima na kusimamishwa juu ya vijiguu vitatu, navyo vikaacha alama tatu ndogo, kama vidonda vilivyopona, ambazo hukaa kwa pembe tatu. Palipobanduka kidogo ukingoni panasema zaidi: mvunjiko wa kauri ni mweupe, hung'aa na haunywi maji, mvunjiko wa udongo ni mkavu, hunywa, na baada ya miaka hugeuka kahawia kwa samli na mchuzi ulioingia.

Watu wengi wa mwambao hushangaa wakifika hapa, kwa sababu yale mabakuli yenye maua ya rangi kali na michoro ya kugongwa kwa sponji, ambayo tangu utotoni wameambiwa ni ya Kichina, hugundulika kuwa ni ya udongo mweupe na kwamba yalitoka Uholanzi. Petrus Regout alianzisha kiwanda chake mjini Maastricht katika miaka ya 1830, na kiwanda cha pili mjini humo, Société Céramique, kikawa mshindani wake, hata vikaunganishwa mwaka 1958. Viwanda hivi vilipeleka bidhaa zao mbali sana, na Afrika Mashariki ikawa miongoni mwa masoko yao. Mabakuli yao hupatikana Unguja na Lamu mpaka leo, mengine yakiwa na mhuri wa Sfinksi aliyelala, alama iliyoanza kutumika mwaka 1879. Mwenye bakuli kama hilo asihuzunike. Kwangu mimi bakuli la Maastricht lililokula ubwabwa wa harusi katika mtaa wa Lamu lina habari nyingi za kutueleza kuliko sahani ya Kichina iliyonunuliwa juzi kwenye duka la uwanja wa ndege. Ila aliite kwa jina lake.

Na mikwaruzo nayo isomwe. Sahani iliyotumika miaka mingi juu ya meza ya kisu na uma hujaa mistari myembamba iliyokatana kila upande. Sahani iliyotumika katika nyumba iliayo kwa mkono haina mistari hiyo, ila kwenye madishi utaona mikwaruzo ya kuzunguka iliyoachwa na upawa au kijiko cha kupakulia. Kwa hiyo sahani zilizojaa alama za kisu katika nyumba ya mtu ambaye babu yake hakupata kushika kisu mezani huashiria kwamba ziliishi kwanza kwenye nyumba ya mtu mwingine, pengine ofisa au mfanyabiashara mgeni aliyeuza vyombo vyake kwa mnada alipohama. Tazama vilevile ile duara ya uchakavu iliyoko juu ya uso wa sahani, pale nakshi ilipofifia kwa kubebeshwa sahani nyingine. Pima kipenyo cha duara hiyo, kisha pima kitako cha sahani iliyokuwa juu yake katika rundo. Vikilingana, sahani hizo zimelala pamoja kwa miaka mingi na nasaba yake huenda ni moja. Visipolingana, kuna mgeni kati yao. Nimeona watu wenye kioo cha kukuzia na vitabu vizito wakilipita jaribio hili dogo linalohitaji uzi tu.

Katika nakshi sitakawia sana. Kwa kioo cha kukuzia, maua yaliyochorwa kwa mkono huonesha njia ya brashi, mahali rangi ilipokusanyika na mahali ilipokauka, na jani la kushoto halilingani sawasawa na la kulia. Maua yaliyobandikwa kwa karatasi za chapa huonesha mistari au vitone vilivyopangwa, na wakati mwingine utakuta mahali pale ncha mbili za karatasi zilipokutana vibaya, tawi likakatika ghafla na kuendelea unywele mmoja pembeni. Kazi nyingi ni mchanganyiko: mistari ya chapa, rangi ya kujazwa kwa mkono. Na ule mchoro maarufu wa buluu wenye mti wa kuinama, daraja, nyumba ya Kichina na ndege wawili usimhadae mtu. Ulianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 na umenakiliwa na viwanda visivyohesabika, Ulaya na Japani pia, basi kuwepo kwake hakushuhudii Uchina hata kidogo. Dhahabu ya ukingoni ikiwa nzima kabisa katika seti inayosemekana kuwa ya kale na ya kutumika kila Idi, shuku mojawapo kati ya hayo mawili.

Haya, sasa soma mhuri. Kuna miaka michache ambayo kila mwenye kabati afaa kuihifadhi moyoni. Marekani ilitunga sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka, na ikaanza kutumika mwaka 1891. Kwa kuwa viwanda havikutaka kuweka mihuri miwili, jina la nchi likaenea katika bidhaa zilizokwenda kwingineko pia. Kwa hiyo chombo chenye neno England, Bavaria, Austria au China kwa kawaida ni cha baada ya mwaka huo, na chenye maneno Made in England kwa kawaida ni cha karne ya 20. Kutokuwako kwa jina la nchi hakuthibitishi ukale, maana si kila chombo kilikwenda Marekani. Chombo cha Uingereza chenye alama ya almasi iliyogawanywa kwa herufi na tarakimu kina mchoro uliosajiliwa kati ya mwaka 1842 na 1883. Kuanzia mwaka 1884 alama hiyo ilibadilishwa kwa namba zilizofuatana, zenye Rd No mbele yake, ambazo kufikia mwaka 1900 zilikwisha pita 350,000. Zingatia kwamba namba husema lini mchoro ulisajiliwa, na haisemi lini sahani yako ilitoka tanurini.

Japani husomeka vizuri zaidi. Nippon ni kati ya 1891 na 1921. Baadaye likaja neno Japan. Na maneno Occupied Japan huonekana katika vyombo vya miaka ya kukaliwa na majeshi ya kigeni baada ya Vita Vikuu vya Pili, miaka ambayo ilikwisha 1952. Ujerumani nayo baada ya vita hivyo iligawanyika, na mihuri yake ikagawanyika nayo, hata chombo kisemacho US Zone hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1945. Czechoslovakia ni nchi iliyozaliwa mwaka 1918, na viwanda vya Bohemia ambavyo awali viliandika Austria ndivyo vikaandika jina jipya. Limoges si kiwanda, ni mji wa Ufaransa uliokuwa na viwanda vingi, na huko chombo huweza kuwa na mihuri miwili: mmoja wa waliokichoma, ulio chini ya utando wa kioo, na wa pili wa waliokitia nakshi, ulio juu yake. Maandishi yasemayo chombo kinafaa kuoshwa kwa mashine yanamaliza ubishi wote. Hicho ni cha nusu ya pili ya karne ya 20, na mjomba aambiwe kwa upole.

Mihuri ya uongo ipo, na miongoni mwake mingine haikuwekwa kwa ulaghai. Panga mbili za buluu zilizopishana, alama ya Meissen tangu miaka ya 1720, zimeigwa na viwanda chungu nzima. Herufi sita za Kichina zitajazo enzi ya mfalme fulani hazimaanishi kwamba chombo kilifanywa katika enzi hiyo: mafundi wa zama za Kangxi, aliyetawala kutoka 1662 hadi 1722, walikuwa wakiandika jina la Chenghua wa karne ya 15 kwa kuwatukuza waliotangulia, na waliokuja baadaye wakaandika la Kangxi. Kuna pia vyombo vingi visivyo na mhuri wowote, na hivyo visidharauliwe. Katika seti za Ulaya, mara nyingine mhuri uliwekwa kwenye vipande vikubwa tu. Lipindue bakuli lenye kifuniko kabla ya kukata tamaa, na utafute namba ndogo ya rangi nyekundu au ya dhahabu iliyoandikwa kwa mkono. Hiyo ni namba ya nakshi, na ikiwa ile ile chini ya bakuli na ndani ya kifuniko, basi viwili hivyo vilizaliwa pamoja.

Ushahidi ukishatimia, ndipo uende kwa wazee. Wengi huanza nao, wakawauliza vyombo vilitoka nchi gani, nao kwa heshima ya swali hujibu. Muulize bibi mambo aliyoyaona: kabati lilikuwa upande gani wa nyumba, nani alikuwa na ufunguo, vilitolewa siku zipi, kipi kilivunjika na nani alipigwa kwa ajili yake. Kumbukumbu za aina hiyo ni za kuaminika, na humo hutoka mwaka. Katika nyumba za kale za Lamu, vyombo vya kauri viliwekwa katika zidaka za ukuta wa ndani, na sahani nyingine zikatundikwa. Basi ukiona tundu dogo lililotobolewa katika duara ya kitako, jua kwamba hiyo ilikuwa pambo, na walikuwako walioamini kwamba yakinga na jicho la husuda. Sahani nyeupe yenye manjano ya zafarani yaliyoganda kwenye utando uliopasuka huenda ilitumiwa kuandikia kombe, yaani aya zinazooshwa kwa maji yakanywewa kama dawa. Na chombo kilichounganishwa kwa vipini vya chuma, kama jeraha lililoshonwa, usivitoe vipini hivyo. Huo ni ufundi wa zamani, na husema kwamba kuna wakati mtu alikithamini hata akalipa fundi badala ya kununua kingine.

Kuhusu matumizi, rai yangu ni kwamba seti nzima isiyo na nyufa itumike, maana chombo kisichotoka kabatini hakina anayejua kukishika. Lakini hadhari moja ni ya lazima. Utando wa kioo wa vyombo vingi vya udongo vya zamani, na rangi zilizopakwa juu ya utando, zilitiwa risasi, na ukali wa siki, ndimu, ukwaju na nyanya huivuta risasi hiyo ikaingia chakulani, hasa chakula kikilala humo. Basi achari, mchuzi wa ukwaju na kachumbari visiwekwe kabisa katika chombo usichokijua, na chombo ambacho utando wake umepasuka mtandao wa nyufa nyembamba kisipakuliwe chakula chenye majimaji. Kiwe cha tende na halua iliyofungwa, au kiwe pambo. Mtoto asilishwe ndani yake. Wala usikitie katika oveni ya mawimbi chombo chenye dhahabu, kwani kitatoa cheche.

Kuosha ni kwa beseni la plastiki, au karai iliyotandikwa taulo, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, kipande kimoja kwa wakati mmoja na pete zikiwa zimevuliwa vidoleni. Mabibi zetu walisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, na masufuria yaling'aa. Dhahabu ya sahani haivumilii hayo, wala haivumilii waya wa kusugulia. Jiki isikaribie vyombo vya udongo, kwa sababu huingia katika nyufa, ikakauka humo na kuufanya utando ubanduke vipande vipande. Kati ya sahani na sahani weka kipande cha kanga iliyochakaa na kufuliwa hata haitoi rangi tena. Gazeti huacha wino. Vikombe usivitundike kwa masikio. Na kilichovunjika usikigundishe kwa supagluu usiku huohuo kwa uchungu: funga vipande vyote katika kitambaa, pamoja na unga wake, mpaka umpate fundi, kwani gundi iliyokosea nafasi huleta hasara kuliko kuvunjika kwenyewe.

Yakija mambo ya kuuza, mambo ni machache. Dalali anayetaka vipande vitatu tu kati ya ishirini anajua kitu usichokijua. Mwambie arudi wiki ijayo. Bei ya kuombwa haina maana, tafuta bei ambayo seti ya namna hiyo iliuzwa kweli mnadani. Katika kugawa mirathi, ikiwa warithi wanaridhiana, ni afadhali mmoja achukue seti nzima na wenziwe wafidiwe kwa fedha au kwa vitu vingine, kwa sababu bakuli bila ya kifuniko chake halimfai mwenye bakuli wala mwenye kifuniko. Na kabla ya kusafirisha chochote ng'ambo, sheria ijulikane: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, huhesabu kuwa ni kitu cha kale kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hakitoki bila ya kibali; Tanzania nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo mpaka wake ni mwaka 1863. Ama sahani zilizopachikwa katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi, na vigae vilivyozikwa katika magofu au vilivyo chini ya bahari, hizo si mali ya mtu, na mwenye kuletewa moja na kijana mlangoni asiinunue kwa bei yoyote. Anayetaka kuona kauri ya Kichina ya kale ilivyo hasa, aende Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, atazame vilivyotoka Gedi na vilivyotoka katika merikebu ya Kireno iliyozama hapo mwaka 1697, kisha arudi kutazama kabati lake kwa macho mapya.

Mwisho wa uchunguzi huu huenda msomaji akabaki na seti ambayo bado hajui kiwanda chake. Seti nyingi za makabatini, kwa kadiri ya nilizoziona, ni za kati ya mwaka 1880 na 1970, nzuri, za kutumika, zisizo na makuu. Na nyingine zitabaki bila jina. Aandike hivyo hivyo: aina ya udongo, idadi ya vipande, mhuri kama upo, nani alisimulia nini na siku gani, na pale pasipojulikana aandike kwamba hapajulikani, asijaze kwa riwaya ya mjomba. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya bakuli lenye kifuniko. Isibandikwe nyuma ya kabati, kwa maana kabati ndilo huuzwa kwanza.